Viti Viwili Kando ya Pazia

Pazia halipimwi ukiwa umesimama. Nawaambia nyinyi vijana mnaokodisha mahema na viti hapa Eldoret, kwa sababu nawaona. Mnasimama, mnainua mkono, mnasema hapo panatosha, mnafunga kamba na kwenda kunywa soda. Kisha watu wanakuja, wanaketi, na mnashangaa kwa nini akina mama wanavuta vitambaa vyao kila saa na wazee wanaangalia viatu. Keti kwanza. Keti upande wa wanaume uangalie, halafu uzunguke, uketi upande wa wanawake uangalie tena. Mwite mtu mrefu, naye aketi. Hapo ndipo ufunge kamba.

Mimi ni Mama Zubeda. Nilizaliwa karibu na Mumias katika nyumba ya Waislamu, nikaolewa huku, na kazi iliyonizeesha ilikuwa kupanga watu waketi. Harusi, hitima, mihadhara, Maulidi, nilizipanga zote. Stoo yetu ilikuwa mtaa wa Huruma hapa mjini, na bado iko pale, ila sasa inaendeshwa na mwanangu, na mimi nakaa nje kwa kiti kimoja tu.

Sikusomea dini, kwa hivyo msiniulize mwanamke akae wapi na mwanamume akae wapi. Waulizeni wenye elimu yao, na hata wao hamtawapata na jibu moja. Nimefanyia kazi familia zilizotaka pazia zito kutoka juu hadi chini. Nimefanyia nyingine zilizotaka njia tu katikati, wanaume kulia na wanawake kushoto. Wengine huweka wanaume mbele na wanawake nyuma bila kitambaa chochote, wengine huwapa wanawake nyumba nzima na wanaume wakabaki uani kwa hema. Kazi yangu ilikuwa kuuliza, kusikiliza, kisha kuhakikisha kwamba kila aliyekuja amekaa vizuri.

Aliyenifundisha ni Mama Khadija, Mnubi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya watu watatu. Wakati wake hakukuwa na viti vya plastiki. Walitandika mikeka, wakaazima mabenchi ya shule, na pazia lilikuwa leso za majirani zilizoshonwa pamoja, kila mwenye leso akikaa akiikazia macho yake isije ikapotea. Siku yangu ya kwanza nilianza kushusha viti kwenye lori. Akanizuia.

"Usianze na viti," aliniambia. "Anza na choo na maji. Mwanamke akiinuka kwa kiti chake anaenda msalani, ama jikoni, ama kwa mtoto analia. Kama njia ya kwenda huko inapita katikati ya wanaume, wewe hujapanga kitu. Umetupa viti tu."

Alinifundisha kushona kokoto kwenye pindo la chini la pazia, kwa sababu upepo wa Eldoret wa mchana haujui adabu. Alinifundisha kuwaweka wanaonyonyesha pembeni, penye kivuli na njia ya kutokea, na bibi wenye magoti mabaya mbali na spika lakini karibu na mlango. Alinifundisha pia kwamba upande wa wanawake lazima usikie. "Umewaita waje wasikilize sheikh," alikuwa akisema, "halafu unawapa spika moja inakohoa."

Sikuelewa yote kwa mara moja. Harusi yangu ya kwanza kupanga peke yangu ilikuwa mtaa wa Langas. Nilichagua kitambaa cheupe, chepesi, kinachong'aa, nikajipongeza. Wanawake nikawaweka upande wa magharibi. Asubuhi mambo yalikuwa sawa kabisa. Ilipofika saa kumi jua likashuka nyuma yao, na walikuwa wameshaanza ngoma yao ya kumpokea bibi harusi. Kila kiuno, kila mkono, kila kilemba kikachorwa kwenye kile kitambaa. Upande wa wanaume ukatulia ghafla, nami nikafikiri wameingia kwenye dua. Kuzunguka, nakuta wazee kwa vijana wamegeuza viti kuelekea pazia, hakuna anayepepesa jicho. Mama Khadija alikuwa nyuma yangu. Akasema polepole, "Mwanangu, nilikwambia weka pazia. Wewe umefungua sinema."

Tangu siku hiyo sijawahi kutundika kitambaa kabla ya kujua jua litatua wapi.

Hayo ni makosa ya kucheka. Mtayafanya na nyinyi, na mtacheka. Lakini iko shughuli moja ambayo siwezi kuisimulia nikicheka, na ndiyo iliyonifanya niketi niwape haya maneno. Ilikuwa Kimumu, mtaa mwingine wa hapa Eldoret. Nimeifikiria sana tangu niache kazi, na kila nikitafuta mtu wa kumlaumu simpati, hata mimi mwenyewe. Nadhani ndiyo maana haijaniacha.

Binti mmoja alinijia stoo. Wazazi wake walimpa jina Lydia, na alipoingia Uislamu akajiita Maryam. Alikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini, na mwenye duka, kijana mpole aitwaye Yusuf, ndiye aliyekuwa anamwoa. Baba ya Yusuf alikuwa Mzee Abdi, mwenye malori, Msomali aliyeishi Eldoret tangu ujana wake. Wazazi wa Maryam walikuwa Wabukusu, Wakristo, wakikaa Cheptiret, nje ya mji. Baba yake, Mzee Barasa, alikuwa amesaga mahindi kwa mashine ya posho pale sentani, penye maduka, mpaka ugonjwa wa sukari ukamla macho.

"Mama Zubeda," Maryam aliniambia, "baba haoni. Mama ndiye macho yake."

"Haoni hata kidogo?"

"Mwangaza tu. Mama humwambia kila kitu. Hata kanisani, anamwambia nani amesimama kuhubiri, amevaa nini, nani amelala. Akikaa bila yeye anakuwa kama mtu amefungiwa ndani ya nyumba."

"Kwa hivyo unataka wakae pamoja."

Akawa anazungusha bangili mkononi. "Nilitaka. Lakini sitaki neno la kwanza naomba kwa hii familia liwe la kubadilisha vile wao hufanya. Wametuvumilia mambo mengi. Nikah wangeifanya msikitini, wanaume peke yao, iishe. Mzee Abdi mwenyewe amesema ifanywe nyumbani kwake, ndio watu wetu waone. Sasa nikienda tena na ombi lingine, wataniona mimi ni mtu wa aina gani?"

Nilimwelewa. Bibi harusi mgeni hupima kila neno. Lakini alikuwa na jambo lingine, zito kuliko hilo. Kwa kuwa baba yake hakuwa Mwislamu, si yeye ambaye angesimama kumwozesha. Sheikh wa msikiti aliosilimia ndiye angekuwa walii wake, yaani angesimama mahali pa baba na kusema yale maneno ya kumtoa.

"Baba amejua?" nikamuuliza.

"Mama ndiye anajua. Amesema atamwambia siku hiyo hiyo, kwa sikio, wakati jambo liko mbele yake. Akiambiwa mapema atakataa kuja. Ndivyo wameishi, Mama Zubeda. Neno gumu mama humpa polepole, akiwa amemshika mkono."

Nililala na hilo jambo, na asubuhi nikapata dawa yake. Pazia la Kimumu, kwa Mzee Abdi, lilikuwa la vipande viwili vinavyokutana katikati. Nikaamua niache mahali pa kukutania pasipofungwa, kwa urefu wa mtu aliyeketi tu. Kiti kimoja upande wa wanaume, kiti kingine upande wa wanawake, vyote vimeegemea pale penye mwanya. Mama angeona mbele kupitia ule mwanya, angenong'ona, na mkono wake ungepita. Familia ya Mzee Abdi wangepata pazia lao kamili, na Mzee Barasa angepata macho yake.

Tulijaribu. Wafula, mwenzangu ambaye alisimamia upande wa wanaume miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, aliketi upande wake, nami upande wangu. Nikamnong'oneza, "Wafula, umeoga leo?"

"Nimesikia," akasema, "na sitakujibu."

Tukajua panafaa.

Siku ya harusi mvua ilinyesha asubuhi, na uani kwa Mzee Abdi kukawa matope. Wafula alimwaga maranda ya mbao kutoka getini mpaka kwenye viti. Wageni wa Cheptiret walifika kwa basi la kukodi, wamevaa vizuri, wana hofu kidogo. Mnajua vile watu huwa wakiingia kwa wakwe wa dini nyingine. Walipoambiwa wanaume huku na wanawake kule, kukawa na fujo ndogo, kwa sababu watu waliooana miaka mingi hubebeana vitu. Pasta wao alifika kwa pazia akaita kwa sauti ya mimbari, "Mama Ruth! Miwani!" na miwani ikapita chini ya kitambaa. Mwingine alitaka koti, mwingine simu. Hayo nayo myajue: pazia lolote mtakaloweka, wekeni mtu wa kupitisha vitu, la sivyo litageuka dirisha la duka.

Mama yake Maryam aliitwa Nasimiyu. Alikuwa mfupi, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, na alimwongoza mumewe kwa kumshika juu ya kiwiko tu, bila kumvuta. "Hapa kuna matope," alikuwa akimwambia. "Inua mguu. Mwingine. Sasa ni maranda." Nilimwonyesha vile viti viwili na kumweleza. Akachungulia kwenye mwanya, akatabasamu.

"Kwa hivyo tumetenganishwa na nguo tu."

"Nguo tu, Mama."

"Basi hata nyumbani huwa tunatenganishwa na blanketi," akasema, na wanawake waliokuwa karibu wakacheka.

Wafula alimketisha Mzee. Nilisimama karibu, nikawasikia. Nilikuwa na shughuli nyingi, wapishi wananiita, watoto wanapanda nguzo za hema, lakini kila nikipita pale nilipunguza mwendo kwa sababu ilikuwa raha kuwasikia wawili wale.

"Sasa wanaingia wazee," Mama Nasimiyu alikuwa akisema. "Wamevaa kanzu. Mmoja ametia hina kwa ndevu."

"Nyekundu?"

"Nyekundu. Na imempendeza."

"Usiniambie nami nijaribu."

"Wewe ndevu umezitoa wapi?"

Mkono wake ulikuwa umepita kwenye mwanya. Niliona kidole gumba cha yule mzee kikiusugua taratibu. Nikaenda jikoni kuangalia pilau nikiwa na furaha ya fundi ambaye kazi yake imekaa sawa.

Halafu akafika Haji Noor.

Haji Noor alikuwa ndugu ya Mzee Abdi. Alikuwa ametoka safari, amechelewa, hakujua chochote kuhusu mipango yetu. Sikilizeni vizuri, kwa maana sitaki mtu amfikirie vibaya. Katika wanaume wote niliowajua mjini hapa sijaona mwenye heshima kwa wageni kama yule. Aliingia, akasalimia, akauliza baba wa bibi harusi yuko wapi. Akaonyeshwa mzee kipofu, ameketi nyuma, pembeni, ameegemea pazia.

Wafula aliniambia baadaye kwamba uso wake ulibadilika. Nilimsikia kutoka upande wetu: "Baba wa bibi harusi nyuma? Mnataka watu waseme nini juu yetu?" Akaja mwenyewe, akainama, akamshika Mzee Barasa mikono yote miwili. "Baba, tusamehe. Mahali pako si hapa. Wewe ndiye mgeni wetu mkubwa." Akamwinua, akampeleka mbele kabisa, akamketisha kwenye sofa kati yake na Mzee Abdi, mbele ya kadhi. Mzee Barasa alienda. Angekataaje? Mtu amemwita baba, amemshika kwa upole, anamheshimu mbele ya watu wake wote.

Mkono wa Mama Nasimiyu ulibaki kwenye mwanya, hauna wa kuushika.

"Mama Zubeda," akaniita, "wamempeleka."

Nikamwita Wafula kupitia pazia. Alikuwa karibu na spika. Akaja.

"Wafula, mrudishe Mzee."

"Nimrudishe vipi, Mama? Wamemweka mbele kwa heshima. Nikimtoa pale nimlete huku nyuma, watasema namfukuza. Watu wa Cheptiret wenyewe watasimama."

"Basi mwambie Haji Noor sikioni."

"Kadhi ameshaanza."

Na kweli kadhi alikuwa ameshaanza. Nilimtazama Mama Nasimiyu, naye akanitazama. Bado hakuwa amemwambia mumewe habari ya sheikh. Alikuwa amengoja kadhi aketi ndipo aanze kumwandaa, kama alivyokuwa amemwahidi binti yake. Akasema, labda akijipa moyo mwenyewe, "Ni maneno machache tu. Labda hatafuata." Nami nikasema, ndiyo, ni mafupi, yataisha sasa hivi.

Kwenye spika tulimsikia kadhi akisoma hotuba yake kwa Kiarabu, kisha akieleza kwa Kiswahili ili wageni waelewe. Alikuwa mtu mwema, alitaka kila mmoja afuate. Akauliza kwa sauti safi, "Ni nani anasimama leo kumwozesha binti huyu?"

Na sauti ya mwanamume, si ya Mzee Barasa, ikajibu, "Ni mimi."

Nilisikia sofa ikilia mtu akiinuka. Kisha sauti ya Mzee Barasa, si ya hasira, sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini katika nyumba asiyoijua:

"Ni nani huyo? Nani anatoa mtoto wangu?"

Walikuwa wanaume wengi pale, wasomi, wafanyabiashara, pasta, na kila mmoja alifikiri mwingine ndiye mwenye jibu.

"Mimi niko hapa," akasema Mzee. "Kama kuna baba mwingine, mimi niliitwa kufanya nini?"

Halafu akaita, "Nasimiyu! Nasimiyu, uko wapi?"

Mama Nasimiyu alikuwa ameshasimama. Wanawake wote walimwangalia. Aliweka mkono kwenye kitambaa, akasita, kwa sababu alikuwa mgeni, na alikuwa ameambiwa upande wake ni huu. Sikungoja. Nilishika pazia langu mwenyewe, lile lenye kokoto kwenye pindo, nikalivuta mpaka zikakwaruza chini, na kumwambia, "Pita, Mama."

Alipita katikati ya wanaume wale wote. Waligeuza nyuso pembeni, wakampa njia, nasema haki, hakuna aliyemzuia. Akamshika mumewe juu ya kiwiko. Akamnong'oneza. Sijui alimwambia nini. Nilimwona Mzee akitikisa kichwa, mara moja, kama mtu anayesema amesikia lakini amechelewa kusikia.

"Twende nyumbani," akasema.

Haji Noor alimfuata mpaka getini, akilia kama mtoto. "Baba, nimekosa wapi? Niambie nimekosa wapi." Mzee Abdi alimfuata. Yusuf mwenyewe aliacha kiti chake akatoka. Mzee Barasa aliwapa mkono wote, mmoja mmoja, akawashukuru kwa ukarimu wao. Kisha mkewe akaanza kumwambia, "Hapa maranda. Sasa matope. Inua mguu." Nusu ya basi wakaondoka nao, nusu wakabaki kwenye viti wasijue waweke wapi macho yao.

Maryam alikuwa ndani ya nyumba, kama bibi harusi wa watu wale anavyokaa, akingoja kuletewa habari kwamba ameolewa. Dirisha lilikuwa wazi. Alisikia jina la mama yake likiitwa.

Ndoa ilifungwa. Chakula kililiwa. Mimi na Wafula tulibeba viti jioni ile tukavirudisha stoo.

Baadaye Mzee Abdi aliniita, nikamweleza yote, vile viti viwili, mwanya na sababu yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akashika ndevu zake. "Mama Zubeda," akasema, "mngeniambia mimi tu. Ningewawekea wazee wale wawili kochi moja barazani kwangu, na aliyetaka kusema angeniambia mimi." Maryam alikuwa ameogopa kuuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa ndiyo. Nami niliona fahari kutengeneza mwanya kwa ustadi, wakati mwenye nyumba alikuwa tayari kufungua mlango.

Walienda Cheptiret kuomba msamaha, Mzee Abdi na Haji Noor, na kondoo. Mzee Barasa aliwapokea, akawakalisha, akawasamehe. Hata mimi nilifuatana na Maryam siku nyingine. Baba yake alimshika uso kwa mikono yote miwili kama alivyozoea, akamwuliza kama anakula vizuri. Hakumkasirikia binti yake hata siku moja. Ila kwenda Kimumu alikataa. Mjukuu wa kwanza alipozaliwa, Mzee Abdi alituma gari. Lilirudi na Mama Nasimiyu peke yake. Mjukuu wa pili, vile vile. Watu wawili ambao hawakuwahi kwenda popote mmoja bila mwenzake, hata dukani, wakajifunza kwenda mmoja na kubaki mmoja. Hilo ndilo linaloniuma. Pazia langu nilikusudia liwatenganishe kwa saa moja.

Nyinyi sasa mna mambo mengi. Mna televisheni upande wa wanawake waone kadhi akiongea, mna viti vyenye nguo na utepe, mnatumiana picha za ukumbi kwa simu kabla hamjaona hata kiti kimoja. Ni vizuri. Lakini kabla ya kuuliza ni watu wangapi na rangi gani, mwulizeni mwenye shughuli, ni nani kati ya wageni hawezi kukaa bila nani? Mzee asiyesikia, na anayemrudilia maneno ni nani? Mgonjwa, na mwenye dawa zake ni nani? Mkishajua, mwambieni mwenye nyumba wazi, na wote wa nyumba yake wajue, mpaka yule atakayechelewa kutoka safari. Msijifanye hodari wa kutengeneza mwanya.

Juzi nilipita Cheptiret, nikiwa nimetoka kumwona dada yangu. Nilimkuta Mzee Barasa peke yake kwa kiti cha nje, Mama Nasimiyu ameenda Kimumu kwa wajukuu. Alinitambua kwa sauti. Jirani akatuletea chai. Tuliongea habari za mahindi na mvua, halafu akasema, "Mama Zubeda, nieleze ile harusi."

"Nikueleze nini, Mzee?"

"Vile ilikuwa. Huyu wangu huniambia, lakini naye hakuiona yote. Mtoto alivaa nini?"

Nikamweleza. Gauni la rangi ya maziwa, na mtandio wa dhahabu ambao mama yake Yusuf alikuwa ameutunza tangu harusi yake mwenyewe. Nikamweleza hema, nguzo zake, wazee wa kanzu. Nikamweleza kwa nini sheikh ndiye alisimama, kwamba ni kanuni ya ndoa yao, kwamba hakuna aliyesema yeye si baba. Jina lake lilitajwa pale, nikamwambia. Kadhi alisema binti wa Barasa, mbele ya watu wote, na hakuna aliyelitoa.

"Walisema Barasa?"

"Walisema Barasa. Wewe ulikuwa umeshafika getini."

Alishika kikombe kwa mikono miwili. Chai ilikuwa imepoa na hakuwa ameinywa.

"Maneno yenyewe ni hayo tu?" akaniuliza.

"Ndiyo hayo, Mzee."

Akageuza uso kuelekea barabarani, kulikokuwa na kelele za magari.

"Ningekaa," akasema.